Namna ya kuisoma sheria kabla ya kununua nyumba ya kupangisha

Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa mambo mawili ambayo mwenye nyumba hapaswi kuyachanganya: fedha anazopokea kutoka kwa mpangaji, na fedha anazoilipa serikali. Katika mwongozo huu ya kwanza nitaiita pango na ya pili nitaiita kodi, ili msomaji asipotee njiani.

Wawekezaji wengi humwachia wakili sheria, nao wakabaki na hesabu. Wakili huitwa dakika za mwisho, aangalie hati na kugonga mhuri, wakati bei imekwisha kukubaliwa. Huko ni kuanzia mwisho. Sheria ni gharama kama zilivyo bati na saruji, na karibu kila kifungu kinachomgusa mwenye nyumba kinaweza kugeuzwa tarakimu: miezi kadhaa ya kukosa pango, asilimia fulani ya mapato, au mwaka ambao haki ya kulikalia eneo itakwisha. Kazi ya mnunuzi ni kuzipata tarakimu hizo kabla hajataja bei.

Chukua karatasi uandike hesabu ya jengo kana kwamba hakuna sheria yoyote. Tuseme pango ni 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka, kwa sarafu yoyote uipendayo. Matumizi ya ukarabati, bima na usimamizi ni 5,000 kwa mwaka, kwa hiyo linabaki 7,000. Kisha chukua kila sheria inayohusu jengo hilo uiulize maswali manne: je, inaweka kikomo kwenye pango, inaongeza matumizi, inachelewesha fedha, au inaweza kuniondolea jengo lenyewe? Sheria isiyojibu lolote kati ya hayo haikuhusu kwa leo.

Kagua haki unayoinunua

Anayenunua nyumba huonyeshwa kuta, lakini anachokilipia ni haki, na haki hiyo hutofautiana sana kutoka nchi hadi nchi. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mtu binafsi hupewa haki ya kumiliki kwa muda usiozidi miaka 99, nayo huambatana na masharti ya matumizi. Mgeni hawezi kupewa ardhi huko isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Nchini Kenya, Ibara ya 65 ya Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa upangishaji wa muda mrefu tu, nao hauwezi kuzidi miaka 99. Kwingine mgeni hafungiwi mlango, bali hutozwa kiingilio: tangu Aprili 2023 Singapore humtoza mgeni anayenunua nyumba ya makazi ushuru wa nyongeza wa asilimia 60 ya bei. Kanada ilikwenda mbali zaidi, ikapiga marufuku ununuzi wa namna hiyo kwa wageni walio wengi kuanzia tarehe 1 Januari 2023.

Kwa hiyo fanya upekuzi kwenye daftari la msajili wa ardhi wewe mwenyewe au kupitia wakili wako, wala usitosheke na nakala ya hati anayokuletea dalali. Tafuta mambo haya: jina la mmiliki, miaka iliyobaki, rehani au zuio lililosajiliwa, na matumizi yaliyoidhinishwa. Nyumba ya kupangisha iliyojengwa kwenye kiwanja cha matumizi mengine inaweza kuingiza pango vizuri kwa miaka mingi mpaka siku afisa wa mipango miji atakapopita. Miaka iliyobaki nayo ina uzito wake kwenye hesabu, kwani benki huwa nzito kukopesha kwa haki inayokaribia ukingoni, na mnunuzi wa baadaye atalijua hilo kama unavyolijua wewe.

Uliza pia kuhusu mwenzi wa muuzaji. Kenya na Tanzania zote zina sheria zinazotaka ridhaa ya mume au mke kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani, na ridhaa iliyokosekana hujitokeza baada ya fedha kulipwa, wakati muuzaji hapatikani tena kwenye simu.

Swali la nne, la kupoteza jengo lenyewe, huonekana la mbali, lakini limewahi kujibiwa kwa vitendo. Mwaka 1971 Tanzania ilipitisha sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Siku hizi hatari iliyo ya kawaida zaidi ni serikali kutwaa ardhi kwa ajili ya barabara, reli au bomba. Omba ramani ya mipango ya eneo na hifadhi ya barabara, na usome namna fidia inavyokokotolewa. Fidia inayohesabu jengo na ardhi peke yake si sawa na ile inayohesabu pia pango utakalolikosa.

Pango linapowekewa kikomo

Sheria za kudhibiti pango huja katika sura kuu mbili. Ya kwanza hugandisha kiwango chenyewe, na ya pili huruhusu nyongeza lakini huiwekea ukomo. California, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2019, huruhusu nyongeza ya asilimia 5 pamoja na mfumuko wa bei, jumla isizidi asilimia 10 kwa mwaka, na haiyagusi majengo ambayo hayajatimiza miaka 15. Kenya bado ina Sheria ya Udhibiti wa Pango inayohusu nyumba za makazi ambazo pango lake la msingi halizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho kwa bei za leo kinazigusa nyumba chache tu. Hilo ni jambo la kukumbuka: sheria inaweza kubaki kitabuni huku bei zikiwa zimeiacha nyuma, na inaweza pia kuamshwa kwa kubadilisha tarakimu moja.

Rudi kwenye karatasi. Tuseme sheria inaruhusu pango kupanda kwa asilimia 3 kwa mwaka, ilhali matumizi yako yanapanda kwa asilimia 6 pamoja na bei nyingine zote. Baada ya miaka mitano pango la mwaka limefika 13,911 na matumizi 6,691, kwa hiyo linabaki 7,220. Kwa macho faida imepanda. Lakini ukiipima kwa thamani ya fedha ya siku uliyonunua, 7,220 hiyo ni sawa na 5,400 hivi. Hakuna aliyekunyang'anya kitu, na barua ya onyo hukuletewa, ila karibu robo ya mapato halisi imeyeyuka. Anayenunua katika mji wenye udhibiti wa namna hii hana budi kuliweka hilo kwenye bei anayotoa, maana baadaye hana pa kulifidia.

Kuna wanaodhani kwamba sheria ya namna hii ikishapita imepita. Berlin inaonyesha vinginevyo. Februari 2020 jimbo hilo liligandisha pango la nyumba takriban milioni 1.5, na mwezi Aprili 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikatangaza kuwa sheria hiyo ni batili, kwa kuwa suala hilo lilikuwa limekwisha kushikwa na sheria ya shirikisho. Wapangaji waliokuwa wamepunguziwa pango wakadaiwa tofauti. Wenye nyumba waliokuwa wameandika katika mikataba mipya viwango viwili, kile kilichoruhusiwa na kile cha kutumika endapo sheria ingeanguka, walikuwa na karatasi ya kusimamia. Walioandika kimoja tu hawakuwa nayo. Argentina nayo ilipitisha mwaka 2020 sheria ya mikataba ya miaka mitatu yenye nyongeza ya kufuata faharasa ya serikali (kipimo cha bei na mishahara), ikafutwa kwa amri ya rais Desemba 2023. Mnunuzi mwenye busara hupiga hesabu mara mbili, sheria ikiwepo na sheria ikiwa imeondoka, na hununua ikiwa hesabu zote mbili zinabeba mkopo.

Ni vyema pia kujua upande wa pili wa jambo hili, kwa kuwa ndio unaoamua sheria itadumu au itarekebishwa. San Francisco ilipopanua udhibiti wake mwaka 1994 hadi majengo madogo yaliyojengwa kabla ya 1980, watafiti waliofuatilia majengo hayo walikuta kwamba wapangaji waliokuwamo walibaki kwa muda mrefu zaidi, na kwamba wenye nyumba walioguswa walipunguza nyumba za kupangisha kwa asilimia 15, hasa kwa kuzigeuza ziwe za kuuza. Matokeo yote mawili ni ya kweli kwa pamoja, na ndiyo maana mabishano hayaishi.

Mkataba, notisi na mpangaji asiyetoka

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa makosa madogo. Sheria ya upangaji mara nyingi haimzuii mwenye nyumba kumwondoa mpangaji asiyelipa. Inamtaka afuate utaratibu, na utaratibu una fomu, siku na mahali pa kupeleka.

Tazama mfano huu kwa karibu. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza, upangaji wa mwezi hadi mwezi huvunjwa kwa notisi inayoishia mwishoni mwa kipindi cha pango. Mwenye nyumba ambaye pango lake hulipwa tarehe 1 anaandika barua tarehe 3 Machi: "Nakupa mwezi mmoja, utoke tarehe 3 Aprili." Barua ni ya heshima, imeandikwa vizuri, na imepokelewa kwa saini. Lakini haina nguvu, kwa sababu mwezi wa pango haukwishi tarehe 3. Notisi iliyotolewa tarehe 3 Machi ilipaswa kuishia tarehe 30 Aprili. Mwenye nyumba atagundua hayo mbele ya baraza au hakimu, pengine mwezi Julai, naye ataambiwa aanze upya.

Kenya inatoa mfano mwingine kwa majengo ya biashara. Sheria ya mwaka 1965 kuhusu wenye nyumba na wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa inalinda upangaji usioandikwa, ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, na ule wenye kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka mitano bila kosa la mkataba. Mwenye jengo anayetaka kuuvunja au kubadili masharti yake, pango likiwamo, hutakiwa kutoa notisi kwa fomu iliyowekwa, isiyopungua miezi miwili, na mpangaji anayepinga ana haki ya kwenda kwenye baraza maalumu la pango za biashara. Ndiyo sababu utakuta mikataba mingi ya maduka huko imeandikwa kwa miaka mitano na miezi kadhaa, au miaka sita. Miezi hiyo ya ziada haikuwekwa kwa bahati. Ukinunua jengo lenye wapangaji ndani, soma kila mkataba, kisha uhesabu ni wangapi walio chini ya ulinzi huo. Wale wasio na mkataba wowote, ambao muuzaji atakuambia kwamba "hao unawatoa wakati wowote," ndio huenda wanalindwa kuliko wote.

Uingereza imebadilisha kanuni zenyewe. Tangu sheria ya makazi ya mwaka 1988, mwenye nyumba huko aliweza kumtoa mpangaji baada ya muda wa mkataba bila kutoa sababu. Sheria ya haki za wapangaji ya mwaka 2025 imeufuta utaratibu huo kuanzia tarehe 1 Mei 2026, na chini yake lazima itajwe sababu inayotambuliwa, kama vile malimbikizo ya pango au nia ya kuuza. Kwa mwekezaji hili lina maana ya wazi: kumbukumbu za malipo, barua na picha za hali ya nyumba, ambazo zamani zilikuwa tabia nzuri tu, sasa ni ushahidi.

Weka kwenye karatasi idadi ya miezi ambayo kesi huchukua mahali ulipo, tangu pango likome hadi dalali wa mahakama akukabidhi ufunguo. Mawakili walio mahakamani kila siku wanaijua kuliko kitabu chochote. Ikiwa ni miezi tisa, umepoteza 9,000, kiasi kinachozidi faida nzima ya mwaka katika mfano wetu. Gawanya hasara hiyo kwa miaka unayotarajia kukaa bila mpangaji wa namna hiyo, ndipo upate akiba ya kutenga kila mwaka. Na usijaribiwe kukata maji, kung'oa milango au kubadilisha kufuli. Katika nchi nyingi mwenye nyumba aliyekuwa anadai hugeuka kuwa anayedaiwa siku ileile anapopanda juu ya paa kutoa bati.

Kuhusu dhamana inayotolewa na mpangaji, angalia kiwango cha juu, mahali pa kuihifadhi, na adhabu. Ujerumani huruhusu pango la miezi mitatu bila gharama za huduma, mpangaji ana haki ya kulipa kwa mafungu matatu, na fedha hizo zitengwe na mali ya mwenye nyumba. Uingereza kikomo cha kawaida ni pango la wiki tano, dhamana isajiliwe katika mpango uliokubaliwa ndani ya siku 30, na anayekiuka anaweza kuamriwa kumlipa mpangaji hadi mara tatu ya dhamana yenyewe. Dhamana si mapato. Anayeitumia kupaka rangi nyumba ya jirani amekopa bila kujua riba.

Kodi: uliza inatozwa juu ya nini

Kiwango cha kodi ndicho kinachotangazwa, lakini msingi wake ndio unaoumiza. Kwa kodi yoyote uliza kwanza kama inatozwa juu ya pango lote au juu ya kinachobaki, na kama riba ya mkopo inaruhusiwa kutolewa.

Mfano wa Uingereza unafundisha zaidi ya maelezo. Kati ya mwaka 2017 na 2020 nchi hiyo iliondoa hatua kwa hatua ruhusa ya mwenye nyumba binafsi kutoa riba ya mkopo wa nyumba ya makazi kwenye mapato yake, ikampa badala yake nafuu ya asilimia 20 ya riba hiyo. Chukua pango la 12,000, riba 7,000 na matumizi mengine 2,000, kwa mtu anayetozwa asilimia 40. Zamani faida ilikuwa 3,000, kodi 1,200, akabaki na 1,800. Kwa utaratibu mpya anatozwa juu ya 10,000, yaani 4,000, anapunguziwa 1,400, analipa 2,600, na anabaki na 400. Pango halikushuka, wala riba haikupanda, na kiwango cha kodi ni kilekile cha asilimia 40. Aliyekopa kidogo hakuhisi kitu kikubwa. Aliyekopa sana aliuza.

Kenya huwatoza wakazi wanaopata pango la makazi kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka asilimia 7.5 ya pango lote, kiwango kilichoshuka kutoka asilimia 10 kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Hakuna matumizi yanayotolewa. Kwa uwiano wa mfano wetu, kodi hiyo ni 900. Kwa asiye na mkopo, anayebaki na 7,000, ni kama asilimia 13 ya faida. Kwa anayelipa riba ya 6,000, anayebaki na 1,000, ni asilimia 90 ya faida. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kuchagua kutozwa kwa utaratibu wa kawaida wa kodi ya mapato, na mwenye mkopo mkubwa akae chini na mhasibu alinganishe njia hizo mbili kabla mwaka haujaanza.

Nchini Tanzania mpangaji mfanyabiashara huzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka kwa mamlaka ya mapato. Mwenye jengo asiyelijua hilo hupanga marejesho yake ya benki kwa pango kamili, kisha hushangaa fedha zinapofika pungufu. Dai vyeti vya zuio kila unapolipwa.

Matumizi na usalama

Anayenunua kwa ajili ya wageni wa siku chache asome kwanza kanuni za mji kabla ya samani. New York ilianza Septemba 2023 kutekeleza sheria inayomtaka mwenyeji wa chini ya siku 30 ajisajili, awepo nyumbani wakati wa ukaaji, na asipokee zaidi ya wageni wawili. Barcelona imetangaza kwamba haitahuisha leseni 10,101 za nyumba za watalii zitakapoisha Novemba 2028. Ikiwa faida yako inategemea leseni, hesabu mpaka siku leseni itakapoisha, na baada ya hapo weka pango la kawaida.

Kanuni za usalama huzaliwa baada ya msiba. Moto wa jengo la Grenfell jijini London, Juni 2017, uliua watu 72, na sheria iliyofuata mwaka 2022 ikawapa wamiliki wa majengo marefu wajibu mpya na gharama mpya. Kabla ya kununua omba vyeti vya umeme, zimamoto na lifti, na aliyevitia saini. Kuhusu ubaguzi wa wapangaji nitasema machache: Marekani, kwa mfano, imekataza tangu 1968 kumkataa mpangaji kwa rangi au dini yake, na tangu 1988 kwa sababu ana watoto. Andika vigezo vyako vya kumchagua mpangaji na uvitumie kwa kila mwombaji.

Sheria iliyo njiani

Mswada huchukua miezi, wakati mwingine miaka, kabla ya kuwa sheria, na katika muda huo wote uko wazi kusomwa. Ufuatilie kupitia gazeti la serikali na vikao vya halmashauri, kwa sababu kanuni za mji ndizo hubadilika upesi. Unaposoma mswada, ruka hotuba za utangulizi uende moja kwa moja kwenye masharti ya mpito, ambayo kwa kawaida huwa mwishoni. Hapo ndipo panaposema kama mikataba iliyopo itaguswa, kuanzia lini, na ni majengo ya umri gani yatasamehewa.

Kisha mpelekee wakili maswali yenye tarakimu badala ya kumuuliza kama "kila kitu kiko sawa." Muulize ni miaka mingapi imebaki kwenye hati, ni wapangaji wangapi wanaolindwa, notisi sahihi kwa kila mmoja ni ya siku ngapi na kwa fomu ipi, kesi ya pango huchukua miezi mingapi, kodi inatozwa juu ya nini, na ni mswada gani ulioko bungeni unaogusa lolote kati ya hayo. Majibu yaandike pembeni mwa ile karatasi ya hesabu, upunguze 7,000 mpaka ifike pale sheria inapoifikisha, na ufanye hivyo kabla ya kutoa arbuni.